Sanduku la Marehemu Katikati ya Sebule Yangu

Mpendwa mshauri Koleta, shikamoo. Kabla sijaeleza shida yangu naomba usinicheke, kwa sababu msaada ninaouomba ni wa meza, na najua wenzangu wanakuandikia kwa mambo ya kupigwa na kutelekezwa, lakini mimi nimefika mahali meza zinaninyima raha na sina wa kumweleza, maana hapa mtaani nikilitaja tu neno meza watu wanaanza kutabasamu, na kwa nini wanatabasamu utaelewa mbele.

Mimi naitwa Recheli, ni mwanamke wa miaka arobaini na moja, mzaliwa wa Goweko, fundi cherehani, na nilichelewa kuolewa kwa sababu nilikuwa namuuguza mama yangu mpaka Mungu alipomchukua. Mwaka juzi nikafunga ndoa katika kanisa letu la Moravian na Ezekia, ambaye ni mgane, nikahamia kwake hapa Tabora mjini. Ezekia ni mteuzi wa tumbaku, yaani kwenye masoko ya wakulima yeye ndiye anayelifungua robota, anashika jani, analinusa, anatamka daraja, na akishatamka ametamka. Ni mtu mpole, hanywi, hapigi, nyumba haiachi bila matumizi. Ana binti mmoja, Julieth, anasomea uuguzi Mwanza, kwa hiyo mume wangu namwita Baba Julieth kama mtaa mzima unavyomwita, na marehemu mke wake alikuwa Mama Julieth, na mimi wananiita Mama Julieth Mdogo, ingawa kwa picha niliyoiona ukutani namzidi marehemu kimo.

Sasa shida yenyewe. Katikati ya sebule, pale ambapo nyumba za wenzetu kuna kofitebo, ile meza fupi ya chai, kwetu kuna sanduku. Ni sanduku la zamani hasa, la mbao nyeusi nzito, limepigiliwa misumari ya shaba kwa mistari na maua, lina vishikio pembeni na kona za chuma, lile la aina waliyokuja nayo watu wa pwani enzi za misafara, na marehemu alilipata kwa bibi yake. Juu lina kitambaa alichokifuma mwenyewe. Chai inanywewa hapo, karanga za wageni zinawekwa hapo. Ni refu kupita makochi yetu, ukikaa kikombe kinakuja usawa wa kidevu, na ile kona ya chuma iko sawasawa na ugoko wangu, nimeshaugonga mpaka umeota kovu, na kila nikigonga Baba Julieth anasema pole bila kuinua macho.

Wiki ya kwanza ya ndoa nilikuwa natafuta shuka, nikaondoa vikombe, nikaondoa kitambaa, nikalifungua. Ndani kulikuwa na nguo zake. Vitenge, sweta, joho la kwaya, vyote vimekunjwa vizuri kama mtu aliyesafiri na atarudi Alhamisi. Nikalifunga, nikarudisha kitambaa, nikarudisha vikombe, sikusema neno, na tangu siku hiyo kila mgeni anapokunywa chai kwetu mimi najua anakunywa juu ya nguo za marehemu, na yeye hajui, na anaomba aongezewe sukari.

Nikavumilia, halafu siku moja nikasema, "Baba Julieth, sebule hii naona ingependeza tukipata meza fupi."

Akasema, "Chagua unayoitaka. Nyumba ni yako."

Mshauri, nilimwamini. Nikaenda kutafuta, na nikajiambia kwamba nikileta meza mpya ya kioo kutoka dukani itaonekana kama dharau, mtu atasema huyu mwanamke ameondoa kitu cha heshima ameweka kitu cha saluni, kwa hiyo kitu cha kale kiondolewe na kitu cha kale. Kuna mzee mmoja hapa mjini, Yahaya, kazi yake ni kununua samani za zamani kwenye nyumba za watu na kuziuza, nikaenda kwake, akanifundisha kwamba meza ya kale inachaguliwa kwa kuigeuza miguu juu. "Juu kila mtu anapaka vanishi, dada," alisema. "Chini hakuna anayejisumbua, na chini ndiko kwenye ukweli." Nikageuza meza nyingi siku ile. Mwishoni nikachagua sinia kubwa la shaba linalokaa juu ya miguu ya kukunja, la mviringo, limenakshiwa, kutoka nyumba moja ya Waarabu wa zamani. Nililisugua kwa ndimu na majivu mpaka likawa linamulika dari.

Baba Julieth aliporudi alikaa, akalitazama, akainama kuchukua kikombe, akainuka. Akasema, "Ni fupi. Najiona kama nakunywa maji mtoni." Sinia likaenda dirishani. Sanduku likabaki.

Nikasema sawa, kosa langu, sikupima. Nikarudi kwa Yahaya na kipande cha uzi chenye urefu wa kochi letu, nikachagua meza ya mninga yenye nakshi pembeni, imetoka kwa mfanyabiashara mmoja wa zamani kule Bukene, urefu wake ukalingana na uzi kabisa. Baba Julieth hakuinama safari hii. Alipitisha kiganja juu, akapiga goti, akainusa. Naapa mshauri, aliinusa mbele na nyuma, akasema, "Hii imekaa ghalani. Ina ukungu." Nikamwuliza, "Kwa hiyo?" Akasema, "Daraja la tatu." Ikaenda karibu na mlango. Sanduku likabaki.

Ya tatu ndiyo iliyonimaliza. Yahaya alinitafutia meza pana ya mkurungu kutoka Usinge, ubao mmoja mzima, haina nakshi, haina harufu, haina tundu la mdudu hata moja, ilibebwa na wanaume wanne na mmoja wao alikwenda kukaa nje kupumzika. Baba Julieth aliizunguka. Aliigonga kwa kidole. Alichungulia chini bila kuambiwa. Akasema, "Hii nzuri." Moyo wangu ukatulia. Akasema, "Iwekeni pale," akaonyesha kona ya televisheni, akachukua chai yake akaenda kuinywea kwenye sanduku.

Ndipo nikaelewa kwamba sikuwa nachagua meza.

Basi sebule yetu sasa ina meza tatu na sanduku. Kundi letu la maombi lilipokuja kwetu, mzee wa kanisa Ambrosi aliingia kwa ubavu, akina mama wakakaa wamekunja magoti kama abiria, na mama mmoja aliyechelewa akaikalia ile ya Bukene akidhani ni kigoda, akaisifu kuwa ni imara. Baada ya sala mmoja akaniuliza, "Mama Julieth Mdogo, unafungua duka?" Kwa aibu nikasema ndiyo. Tangu hapo watu wanakuja kuuliza bei. Juzi alikuja baba mmoja mgeni kabisa, Baba Julieth akamkaribisha, akamwambia mambo ya meza ayazungumze na mimi, akaendelea kusikiliza taarifa ya habari.

Pasaka Julieth alikuja likizo. Ni binti mwenye adabu, alinipa shikamoo yangu, akaniletea samaki wakavu, sina la kumlaumu. Lakini asubuhi yake ya kwanza alitoa vikombe juu ya sanduku, akachukua nta ya nyuki na kitambaa, akalipaka lote, msumari kwa msumari. Alipomaliza akaniuliza, "Mama mdogo, hizi meza nyingine ni za nini?"

Nikasema, "Nachagua."

Akasema, "Haya," akarudisha kitambaa cha mama yake mahali pake.

Na jambo jingine linalonibana ni kwamba na mimi nina sanduku. Ni la mama yangu, la mbao za kawaida, rangi ya kijani, si la kujivunia mbele ya watu, lakini ndilo alilokuwa ananitunzia sare zangu za shule. Lipo Goweko kwa kaka yangu Anton, na Anton amenipigia kwamba mavuno yamekaribia, nisipolifuata analitilia mbegu za alizeti. Nikimwambia asubiri ananiuliza mbona una nyumba.

Sasa msimu wa masoko umeanza, Baba Julieth yuko Kaliua vijijini na hatarudi karibuni. Yahaya amekuja nyumbani, ameliona sanduku, amelishika kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Anasema nikimpa hilo atazichukua zile meza mbili zisizofaa, ataniachia ya mkurungu, na ataniongezea kabati la vyombo. Anasema nguo naweza kuzifunga vizuri kwenye begi. Atakuja Jumamosi na gari. Mshauri, mimi sitaki kuliuza, au labda nataka, sijui, ninachotaka ni lisiwe katikati. Baba Julieth alisema nyumba ni yangu, alitamka mwenyewe. Je, nimpe Yahaya? Na kama nisimpe, kati ya hizi meza tatu nibakize ipi?

Recheli, Tabora.

KOLETA ANAJIBU

Marahaba, Recheli mwanangu. Nilicheka ulipofika kwa mama aliyekalia meza. Niliporudi kwenye joho la kwaya niliacha.

Jumamosi Yahaya asivuke geti. Mpigie leo, usingoje aje na gari lake kwa sababu mtu akishakuja na gari unaona haya kumrudisha mtupu. Sanduku lile huna ruhusa nalo. Mumeo aliposema nyumba ni yako alikupa makochi, jiko, mapazia na ukuta, hakukupa nguo za mama wa mtu. Mwenye sanduku ni Julieth, na baada ya Julieth ni baba yake, na wewe humo hukuandikwa. Ukiliuza mumeo akiwa Kaliua, kuanzia siku hiyo hutakuwa mke aliyegonga ugoko, utakuwa mama wa kambo aliyeuza, na hakuna atakayekumbuka kovu lako. Na huyo Yahaya anayekwambia ufunge nguo kwenye begi, yeye ni mfanyabiashara, simlaumu, ila hatakuwepo siku Julieth atakapofika na kuuliza begi la nini.

Sasa nikugombeze. Umenunua meza tatu ili usiseme sentensi moja. Umepima kwa uzi, umegeuza miguu juu, umesugua shaba kwa majivu, umewatoa jasho wanaume wanne, na katika yote hayo hujawahi kumwambia mumeo, "Nimefungua sanduku, nimeona nguo za Mama Julieth, na nashindwa kunywa chai hapo." Ulimwambia sebule ingependeza. Yeye akakujibu kuhusu kupendeza. Mtu anajibu alichoulizwa.

Na yeye simwachi. Nakuomba usimfiche sehemu hii. Mume wako kazi yake ni kufungua robota la mwenzake na kusema lililomo. Huko vijijini haliamini jani aliloonyeshwa juu, anaingiza mkono katikati. Hapo sebuleni amekaa miaka na robota lake mwenyewe hajalifungua, na kila unapoleta meza anaipa daraja ili mazungumzo yaishie kwenye meza. Fupi, ukungu, nzuri iweke pale. Anajua anachofanya, au hajui, kwangu ni mamoja. Amekuambia chagua huku akijua ameshachagua, na hiyo si haki.

Lakini usimwone mtu mbaya. Kuna wanaume ambao mke akifa hawalii, wanaendelea tu kuweka kikombe mahali pale pale. Yeye anaamini bado anatunza. Nguo zimefungwa humo miaka yote hiyo na yeye anaona ni heshima, kumbe nguo ikifungiwa muda mrefu bila hewa inaliwa na wadudu, na joho la kwaya ni la kwanza kuliwa. Hicho ndicho cha kumwambia akirudi. Usimwambie liondoke. Mwambie lifunguliwe. Mengine yatafuata yenyewe au hayatafuata, lakini angalau mtakuwa mnazungumzia kilichomo.

Ukimwambia, mwambie ameshakula, ameshaoga, na redio imezimwa. Usilie kabla hujamaliza sentensi, utalia baadaye. Kisha mpigieni Julieth nyote wawili, simu iwe wazi asikie sauti zenu zote, na yeye ndiye aseme lifunguliwe lini. Akisema mpaka aje, basi mpaka aje. Yule binti alipolipaka nta ulidhani anakuonyesha mipaka. Labda ndivyo. Labda pia hajui mahali pengine pa kumshika mama yake. Hukumwuliza, ulimwambia unachagua.

Kuhusu meza, maana uliniuliza na sipendi kumwacha mtu na swali lake. Meza fupi ya kale nzuri inalingana na kiti cha kochi au inashuka chini yake kidogo, na kati yake na kochi mtu apite bila kugeuka ubavu. Sinia la shaba usilifanye meza ya kila siku, likunje, litoe sikukuu. Ya mkurungu ni nzuri kama mumeo alivyosema, lakini meza isiyoondoshwa na watu wawili itakutawala, siku ya kufagia utaichukia. Irudishe kwa Yahaya uone atakupa nini badala yake. Ya Bukene ndiyo yako. Ukungu si ugonjwa wa mbao, ni ugonjwa wa kukaa ndani. Itoe nje kivulini penye upepo, isipigwe na jua kali itapasuka, ifute kwa siki iliyotiwa maji, iache mpaka ikauke kweli, halafu ipake nta kama Julieth anavyojua. Tazama matundu ya wadudu: kama chini yake kuna unga mpya wa mbao mdudu bado yumo, kama ni makavu alishaondoka zamani. Na sanduku lolote la kale, la shaba au la kijani, halikai sakafuni moja kwa moja. Liwekee vipande vya mbao chini, mchwa wa Tabora hawachagui.

Na hilo la kijani kalifuate wiki hii. Usimngoje mume arudi, hapo ndipo neno "nyumba ni yako" lina maana. Liweke chumbani kwenu, miguuni pa kitanda, weka vitu vyako ndani. Mumeo akirudi akikuuliza ni la nani, mwambie ni la mama yako. Mwanamke mwenye sanduku lake ndani ya nyumba anazungumzia sanduku la mwenzake kwa sauti ya chini zaidi.

Basi. Piga simu kwa Yahaya kabla hujapika.

BARUA YA PILI

Recheli ameandika tena baada ya msimu wa masoko. Ametukubalia tuichapishe.

Mshauri Koleta, shikamoo tena. Nilimpigia Yahaya kama ulivyosema na Jumamosi akaja hivyo hivyo, akasema simu yake haisikiki vizuri. Nilisimama getini nikamwambia halitoki. Akaomba alitazame tu. Nikasema hapana. Akaomba maji, nikamletea pale pale getini, akanywa, vijana wake wakaitoa ile meza kubwa ya mkurungu akaondoka nayo, na wiki iliyofuata akaniletea viti viwili vifupi vya kukunja. Sina ugomvi naye.

Goweko nilikwenda. Anton alikuwa ameshatia alizeti. Aliitoa mbele yangu kwa bakuli, taratibu, akinuna, nikarudi na sanduku juu ya basi na mbegu kadhaa zilizojificha kwenye pembe, bado naziokota.

Baba Julieth aliporudi nilimwacha akaoga, akala, nikazima redio. Nikasema, "Baba Julieth, sanduku la Mama Julieth linaniumiza."

Akasema, "Mguu?"

Nikasema, "Mguu pia."

Nikamwambia nililifungua, nikamwambia nilichokiona, na nikamwambia nguo zinahitaji hewa. Nilimaliza sentensi kabla ya kulia, kama ulivyoagiza, ila ya mwisho ilitoka vibaya. Yeye akasema, "Sijalifungua tangu tulipotoka makaburini. Kuna shangazi alizikunja, akafunga, akaweka kitambaa. Mimi nikaweka kikombe." Halafu akasema, "Julieth atadhani nimemfuta mama yake." Nikasema tumwulize.

Tulimpigia. Julieth alisema, "Msilifungue mpaka nije. Na lisisogezwe." Mshauri, sikufurahi, nakuambia ukweli, nilikuwa nimeshaliona likitoka. Lakini nikasema sawa. Tukangoja mpaka likizo yake, tukaendelea kunywa chai pale pale, tofauti ni kwamba sasa sote tulikuwa tunajua tunakunywa juu ya nini, na Baba Julieth akaanza kushika kikombe mkononi.

Alipokuja tulilifungua asubuhi. Joho la kwaya lilikuwa limetobolewa mabegani. Julieth alilishika akaingiza kidole kwenye tundu, akamtazama baba yake kwa hasira ambayo sijawahi kumwona nayo, akamwambia, "Ungenipa mimi." Baba yake akasema, "Ndiyo." Hakujitetea. Nilitaka kutoka nje niwaachie, Julieth akasema, "Mama mdogo, shika upande huu," tukawa tunakung'uta vitenge wawili wawili, mmoja huku mmoja kule, na kuvianika kwenye kamba uani. Baba Julieth alikaa kwenye kizingiti. Kila kitenge kilichopita alikinusa kwa mbali, lakini hakutamka daraja. Alichukua sweta moja akalipeleka chumbani. Sikuuliza.

Jioni Julieth alisema sanduku liende chumbani kwake. Tulilibeba sisi watatu. Hakunishukuru, wala sikutaka. Nilitanguliza vipande vya mbao chini na yeye akavinyoosha.

Pale katikati palibaki patupu. Ile ya Bukene ilikuwa bado kivulini inakauka, kwa hiyo kwa siku nyingi hapakuwa na kitu, ni zulia tu lenye alama nne za sanduku, na sote tulikuwa tunapita pembeni kana kwamba bado lipo. Julieth alirudi Mwanza. Meza ya Bukene ilipokauka niliipaka nta, Baba Julieth akaibeba mwenyewe akaiingiza, akaiweka, akaisogeza, akaisogeza tena. Nikaleta chai.

Akaanza kunielezea habari za Mama Julieth. Katika ndoa yetu yote alikuwa hajawahi, na mimi nilikuwa nadhani nikiuliza nitaonekana nina wivu. Akasema alikuwa mkali, alikuwa anabishana na wauza kuku mpaka wanampa kuku kwa kuchoka. Akasema alikuwa anaimba sauti ya pili na alikuwa anakosea makusudi pale asipoupenda wimbo. Nilicheka. Alishangaa kuona nimecheka, na yeye akacheka. Alieleza mpaka chai ikapoa, nikaenda kuipasha moto, nikarudi, akaendelea.

Halafu akanywa, akaniuliza, "Na mama yako? Alikuwa mtu wa namna gani?"

Mshauri, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hilo tangu tumzike. Sikujua nianzie wapi. Nikaanzia kwenye mikono yake.